Mwaka Tuliouelekea Mnara

Harusi zetu za London huisha vile vile kila mara: wanawake wamevua viatu chini ya meza, watoto wamelala juu ya makoti, na mwenye ukumbi amesimama mlangoni akizungusha funguo kidoleni. Ilikuwa hivyo mwezi uliopita huko Harrow, kwenye harusi ya mjukuu wa Ami Nassor. Nilikuwa namalizia sambusa yangu kwa amani pale Salha, mdogo wake bibi harusi, alipokuja kuniwekea simu mbele ya pua. Yeye na wenzake wanakwenda Scotland wakati wa Pasaka, kutembea milimani. "Bibi, look at this one. Tutapanda mpaka juu kabisa," akasema, maana Kiswahili chake ni cha kuchovya tu, kama biskuti kwenye chai. Nikavaa miwani. Kwenye picha palikuwa na bonde la kijani, mto umejikunja katikati, na nyuma yake kilima chenye mnara wa mawe, mnene, usio na kazi yoyote. Moyo ulinipiga kama nimekutana na mtu niliyemdhania kafa. "Mnara huo naujua," nikamwambia. "Nimeuelekea nikisali, miezi na miezi." Salha akanitazama kwa huruma, kama wanavyotutazama vijana wakidhani akili zimeanza kutuaga. "You prayed to a tower?" "Sikuusalia, mwanangu. Niliuelekea. Na babu yako Nassor yumo kwenye kisa hicho." Sikupata nafasi ya kumweleza zaidi, kwa sababu mwenye ukumbi alianza kuzima taa moja moja. Nimerudi zangu Walthamstow, na tangu siku ile kila nikiweka birika jikoni nalikuta bonde lile limenitangulia. Basi haya ndiyo niliyotaka kumwambia Salha.

Mwaka ule nilikuwa na umri kama wake, shule nimemaliza na kazi sijapata, na kijana wa namna hiyo katika ukoo wetu ni mali ya kila mtu. Mama alinituma kwa dada yake, Bi Rukia, ambaye mimi nilimwita Mama Mkubwa. Yeye na mumewe, Ami Said, walifika kwenye bonde lile kwa sababu Ami Said alipata kazi ya kutia nyuzi rangi kwenye kiwanda cha sufu, wakati ule ambapo watu wa Unguja tuliotawanyika tulikwenda popote penye mshahara. Kisha Ami Said akafa ghafla, kwa moyo, akazikwa huko huko, na Bi Rukia akakataa kuondoka. Jambo jingine lililowasumbua watu wa London ni kwamba hakuwa akisema na shemeji yake, Ami Nassor wa Wembley, ndugu pekee wa marehemu na ndiye aliyepanda kwenda kumzika. Simu zake hazipokei, salamu zake hazijibu. Kila mtu alikuwa na sababu yake ya kueleza na hakuna aliyekuwa na hakika. "Nenda kakae naye," mama aliniambia, huku akinifungia iliki na pilipili manga ndani ya soksi, "na ukirudi, rudi naye. Mtu hawezi kuzeekea peke yake kwenye baridi kama kiazi."

Basi liliniteremsha karibu na daraja la mawe lenye mgongo wa duara, mvua ikinyesha bila kelele, mvua ya kule ambayo huioni mpaka umeshalowa. Bi Rukia alikuwa amesimama pale na mwavuli, kavaa koti la marehemu mumewe, buti za mpira miguuni, na kanga kaitanda juu ya kofia ya sufu. Nikamwamkia. "Marahaba," akasema. "Wamekutuma unichukue?" Nikamwambia nimekuja kumsalimia tu. Akanitazama juu mpaka chini. "Hujui kusema uongo. Ni jambo jema hilo. Lete begi." Tukaenda zetu, naye njiani akinionyesha bonde kama mtu anavyokutembeza nyumbani kwake chumba baada ya chumba. Kila kitu alikipa jina lake mwenyewe, kwa sababu majina ya wenyeji, alisema, yanahitaji mtu awe na kikohozi ndipo yatamkike. Daraja lilikuwa Nundu. Yale mawe marefu yaliyosimamishwa kwenye malisho ya kondoo na watu wasiojulikana tena, yeye aliyaita Wapambe, maana yamesimama tu yakitazama harusi za wengine. Maporomoko ya maji nyuma ya kanisa lililoanguka paa yalikuwa Bomba Bovu. Ziwa dogo la juu, siku isiyo na upepo, lilikuwa Sinia. Kilima cha kaskazini tu, chenye mnara, hakukifanyia mzaha. Alikinyooshea kiganja chote badala ya kidole, akasema, "Na kule ndiko kibla," kisha tukaendelea.

Sikushangaa hata kidogo. Kwetu Unguja kibla ni kaskazini, na mtoto hulijua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Leo simu inakuonyesha kibla hata ukiwa ndani ya lifti, lakini siku zile mtu alikwenda na alichokijua. Ami Said, siku yake ya kwanza kiwandani, aliwauliza wenzake kaskazini ni wapi, nao wakamwonyesha mnara, akarudi nyumbani akatandika mswala. Nyumba nzima ilijipanga kuutii mnara ule. Vitanda viliwekwa ili mtu asilale akaunyooshea miguu, na kwa hivyo miguu yetu ikaangalia chini mtoni, upande wa daraja. Kuku tuliopewa na jirani yetu Murdo walichinjwa wakiuelekea mnara. Kiti cha wageni kilihamishwa ili kisizuie dirisha, kwa sababu Bi Rukia alipenda kuuona kabla ya kufunga sala, na siku za ukungu, mnara ulipopotea, alisimama kidogo kwenye mswala akiungojea, huku ananung'unika, kama mtu anayengoja simu ipokelewe. Nami nilisimama nyuma yake. Chumba kile kilinukia sufu mbichi, mafuta ya taa na iliki, na nje kondoo wa watu walikuwa wakikohoa. Nakumbuka nilijiambia kwamba nimepata utulivu ambao Walthamstow na Wembley hazijapata kunipa, na sikuwa nimekosea, hata kama kila kitu kingine tulikuwa tumekikosea.

Kaburini alinipeleka wiki ile ile. Makaburi yale yako kwenye mteremko juu ya kijiji, yamezungushiwa ukuta wa mawe, na yamepangwa kwa safu zilizonyooka, watu wote wa bonde wamelala kwa mstari mmoja. Kwenye kona ya chini kabisa kulikuwa na moja lililokatiza safu, limekaa mshazari, kama mtu aliyelala vibaya kwenye kitanda cha wenzake. "Huyo ndiye ami yako," Bi Rukia akasema, na sauti yake ikabadilika. Kwetu wanawake hawaendi kuzika, na yeye siku ile alibaki ndani na eda yake, akaliona kaburi baada ya eda kwisha, wakati Nassor na wale wanaume waliotoka naye mjini walishaondoka zamani. Akahesabu kwa macho kama ambavyo yeyote kati yetu angehesabu: mnara uko kule, maiti analalia ubavu wa kulia, basi kaburi lingetakiwa kulala hivi. Lingelala sambamba na yale ya wenyeji. "Hata hawa wasiojua kibla wamekaa sawa kuliko yeye," akaniambia. "Nassor alikuwa na haraka ya kuwahi treni. Alimtupa ndugu yake kama gunia, akenda zake. Na mimi nikae naye nicheke naye?" Hilo ndilo lililokuwa limefunga mlango miaka yote ile, na hakuwa amemwambia mtu. Nassor mwenyewe aliachwa akibahatisha kosa lake.

Kisha akanieleza mpango wake. Alikuwa ameomba ruhusa ya kumfukua na kumlaza upya. Alikwenda ofisi hii akarudi, akenda ile akarudi, akaambiwa haiwezekani, akakaa hapo hapo kwenye kiti mpaka wakaona heri iwezekane. Ruhusa ilishatoka. Kilichobaki ni ardhi kulainika baada ya baridi, na Murdo, aliyekuwa mtunzaji wa makaburi, aifanye kazi ile mara baada ya Pasaka. "Nikishamgeuza mume wangu nitakuja London," alisema. "Kawaambie. Simwachi mtu amelala upande nikaenda kukaa Wembley kunywa chai." Nilifurahi, nasema kweli. Nilidhani kazi yangu imekuwa rahisi: ningoje majira yabadilike, tumgeuze Ami Said, tupande basi. Nilikuwa kijana, na kijana akiona njia imenyooka haulizi inakwenda wapi.

Baridi ya kule ilikuwa ndefu, na ndani ya baridi ile nililijifunza bonde. Murdo alikuwa mzee mrefu, mwekundu wa masikio, anayekuja jioni kuleta samaki wa mtoni mwenye madoa na kuondoka na maandazi. Bi Rukia alimpaka samaki yule nazi ya kipande, ile inayouzwa imeganda kama sabuni, na tulikula kwa wali, na Murdo alikula kwa kijiko huku akitoka jasho akisema hapana, si kali. Ndiye aliyenifundisha njia. Ukimuuliza pa kwenda atakwambia kata kushoto pale palipokuwa na shule, halafu nenda mpaka palipoangukia mti, na shule imebomolewa kabla sijazaliwa na mti ulishakuwa kuni. Nilipomlalamikia Bi Rukia alicheka mpaka akashika mbavu. "Kwani sisi mjini kwetu tunaelekezanaje? Si tunasema pale palipokuwa na duka la Muhindi? Na Muhindi yuko wapi?" Nikaja kuona kwamba wale wawili walielewana kwa sababu hiyo hasa, kila mmoja alikuwa akitembea kwenye mahali palipokwisha kuondoka. Murdo alikuwa na jambo moja tu lisilomkalia vizuri, nalo ni kazi ile ya Pasaka. "Miaka yote nimewatia watu ardhini," alininong'oneza mlangoni, "sijapata kumsumbua hata mmoja." Lakini alimheshimu Bi Rukia na hakutaka kumkatalia.

Alhamisi nilishuka na basi kwenda kijiji cha chini, kununua mchele na ile nazi kwenye duka la familia moja ya Kipakistani. Mama wa duka, tuliyemwita Mama Nadia, alikuwa mwanamke mcheshi mwenye mikono isiyotulia, na siku moja, theluji ikiwa imeanza kuyeyuka, adhuhuri ilinikutia pale pale, akanipandisha chumbani kwake juu nisali. Mswala ulikuwa umeshatandikwa. Nikaenda dirishani nikautafuta mnara wangu, maana kilima kile kinaonekana hata kutoka huko chini, nikauona, na nikaona mswala wao umeupa karibu mgongo. Masikini, nikajisemea, hawa hawajui. Nikauzungusha vizuri, nikafunga sala. Nilipotoa salamu Mama Nadia alikuwa mlangoni na sinia la chai, amekodoa macho. "Dada," akasema, "kwa nini umeelekea chooni kwetu?" Nikamweleza kwa upole wote nilionao kwamba kibla ni kaskazini. Akaweka sinia chini, akaenda akaleta atlasi ya shule ya mwanawe, akanikalisha kitandani. "Kwenu wapi?" Nikaweka kidole Unguja. "Makka hii hapa, juu yenu. Sawa. Sasa sisi tuko wapi?" Akakikamata kidole changu akakipandisha, kikapita Makka, kikapita bahari, kikapita Ulaya nzima, mpaka kikafika kule tulikokaa. "Makka imebaki chini huko, mashariki. Wewe ukizidi kwenda kaskazini kutoka hapa utafika kwenye barafu, dada. Utakutana na dubu." Kisha akanionyesha dira ndogo ya mumewe, na sindano yake haikuwa na huruma.

Kwanza nilicheka, kwa aibu, nikarudia sala yangu, na Mama Nadia akacheka nami na kuniambia niache wasiwasi, mtu aliyejitahidi kutafuta sala yake imeshapokewa. Ndani ya basi ndipo nilipoacha kucheka. Basi lilikuwa linapanda polepole pembeni ya mto, kondoo wanalowa, Wapambe wamesimama shambani kwao, na mimi nikahesabu upya kwa macho kama Bi Rukia alivyohesabu, safari hii kutoka upande ulio sawa. Ami Said hakutupwa. Kaburi lile lililokatiza safu lilikuwa limekaa kama linavyotakiwa, pengine ndilo kaburi pekee la namna hiyo katika bonde zima. Na mara baada ya Pasaka Murdo atalifungua, na mkewe Ami Said, kwa mapenzi, atamtoa kwenye kibla aliyowekewa. Sikutaka kuwa mimi wa kumwambia, na hapakuwa na mwingine.

Kabla ya kufika nyumbani nilipitia kwa Murdo, nikamkuta anasafisha koleo kwenye kibanda chake. Nikamuuliza siku ile ya maziko ilikuwaje. Akanishangaa, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza, na Bi Rukia hakuwa amemwambia kwa nini anataka mumewe alazwe upya. Akaniambia yeye alikuwa amechimba kaburi kama anavyochimba yote, kwa kufuata safu, na wale wanaume walipofika yule ndugu akatoa dira mfukoni, akaitazama, akaomba radhi, akasema haliko sawa. "Mvua ilikuwa inanyesha," alisema Murdo. "Nikamwambia bwana, nitachimba jingine, lakini itachukua muda, na mtaikosa treni. Akavua koti, akachukua koleo la pili, tukachimba pamoja. Halafu akaingia mwenyewe ndani. Hakumruhusu mtu. Nilimwona akimgeuza ndugu yake uso kwa viganja viwili, hivi, akamlaza shavu kwenye udongo, akakaa hapo chini muda mrefu, mpaka wenzake wakamvuta kwa mikono. Treni ilishakwenda. Walilala kwenye ukumbi wa kijiji." Murdo aliendelea kufuta koleo lililokwisha safika. Mimi nililia pale kibandani bila kujificha, naye kwa adabu za kwao akageuka akatazama nje.

Nikamkuta Bi Rukia jikoni, anaumimina mkate wa kumimina kwenye sufuria, uso umechangamka kama ulivyokuwa siku zote tangu ruhusa ipatikane. Alikuwa akizungumza peke yake, au na unga. "Mama Mkubwa," nikasema, "kibla si mnarani." Akadhani naanza mzaha. Nikamweleza yote, atlasi na kidole na dira, mpaka dubu. Alisikiliza bila kugeuka, anaendelea kuzungusha sufuria. "Iko wapi, basi?" akauliza. Nikamwonyesha: kule chini, ukilivuka Nundu, bomba la moshi la kiwanda ulitie bega la kulia. Akatazama huko. Kisha akaangalia juu, upande wa chumba tulicholala, na nikaona anahesabu vitanda. "Yarabi," akasema. "Na miguu yangu yote hii!" Nikataka kucheka na yeye alitaka kucheka, midomo ikaanza, haikuendelea. "Sala zangu Mungu anazijua," alisema polepole. "Sikumfanyia hila. Lakini Nassor..." Akakaa kitako kwenye kiti. "Nassor alimlaza sawa?" "Sawa kabisa." "Kwa makusudi, au alibahatisha tu?" Ndipo nikamweleza aliyoniambia Murdo, la koleo, la treni, la viganja viwili. Mkate uliungua. Hakuna aliyeinuka kuutoa, na Bi Rukia, ambaye tangu nifike sikuwa nimemwona akilia hata kaburini, alijifunika uso kwa kanga akalia kwa sauti, kama watu wanavyolia kwetu, hadi nikadhani Murdo atasikia kule aliko. Nilikaa sakafuni nikamshika miguu.

Jioni ile alinawa uso, akavaa vizuri kama mtu anayetoka, akakaa karibu na simu. Namba ya Wembley aliijua kwa moyo, jambo lililonishangaza. Nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, na hayakuwa marefu. "Nassor? Ni mimi, Rukia. Nimekupigia nikwambie umemlaza vizuri ndugu yako." Bi Rukia alikuwa anazungushia waya wa simu kidoleni. "Usilie, baba," akasema mwishowe. "Nilie mimi, wewe kwa nini ulie? Njoo tule."

Alikuja Jumamosi, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, kofia mkononi, kiatu cha mjini kimejaa tope. Alibisha hodi kama mtu asiyekuwa na hakika ya nyumba. "Karibu," Bi Rukia akamwambia, "ingia, unaingiza baridi." Wakasimama ndani ya nyumba ambayo tulikuwa tumeipindua yote siku mbili zilizopita, vitanda, viti, meza, kila kitu kimegeuzia mnara mgongo, na kabati limebaki katikati kwa sababu halikupata pa kwenda. "Shemeji," Ami Nassor akasema, "mimi miaka yote nilidhani unanilaumu kwa kutomrudisha Unguja. Nikasema ana haki. Sikuwa na uwezo." "Hilo halikunipitia hata akilini," Bi Rukia akajibu. "Nilisema umemlaza upande. Nisamehe, Nassor. Nimekusema vibaya kwa kila mti wa bonde hili." Ami Nassor akatikisa kichwa tu. Adhuhuri tulisali pamoja, yeye mbele na sisi nyuma, tukiuelekea ukuta wenye picha ya duka la sufu na almanaka ya mwaka jana, na mara mbili nilimwona Bi Rukia akipepesa jicho kushoto, mahali dirisha lilipokuwa.

Baada ya sala tukapanda kaburini. Murdo alikuwepo mlangoni, kavua kofia, na alipoambiwa kwamba koleo lake halihitajiki tena alimshika Bi Rukia mkono kwa mikono miwili, akausukasuka kwa nguvu. Siku ilikuwa nyeupe, bonde limefunguka lote, na tangu nilipofika sikuwa nimelitazama kutoka pale bila kuona aibu kwa ajili ya lile kaburi. Ami Nassor alisoma dua. Tuliporudi nyumbani tukala wali na kuku, kuku aliyechinjwa akaelekezwa panapotakiwa, na Ami Nassor aliposhiba akafuta mikono, akasema kwa furaha, "Basi, shemeji, hapana tena cha kungojea. Funga mizigo. Nyumba ya Wembley ina chumba, na dada yako anakutaka Walthamstow, chagua utakapo." Nikamtazama Mama Mkubwa. Nilikuwa nimelingojea neno lile tangu siku ya mwavuli, na lilitoka kwenye mdomo wa yule yule ambaye jina lake halikutajika ndani ya nyumba ile.

Bi Rukia alikusanya mifupa kwenye sahani moja, akaisogeza. "Nassor," akasema, "tangu nimetoka eda, kila nikienda kwa mume wangu nakwenda na ugomvi. Nikifika tu naanza, umelala vibaya, ndugu yako kakufanya hivi, ngoja nitakugeuza. Miaka yote hiyo. Sijapata siku moja ya kukaa naye nikamwambia nimepika nini. Nipeni mwaka mmoja. Nikae naye bila ya kunung'unika. Kisha nitapanda basi mwenyewe, na hamna haja ya kumtuma mtoto wa watu."

Ami Nassor alinitazama mimi, kwa kuwa ndiye niliyetumwa, na mimi nilikuwa naona kila kitu kwa ukungu wa machozi. "Mpeni, Ami," nikasema. Akatikisa kichwa kukubali. "Mwaka mmoja, shemeji." "Mmoja," akasema Bi Rukia, akainuka kwenda kuweka chai.

Niliondoka kabla majira ya joto hayajaingia, peke yangu. Mama, ambaye hakuna aliyethubutu kumwambia habari ya ule mwaka mmoja, alikuwa amekuja kunipokea kituo cha mabasi, kavaa vizuri, kaja na kanga mpya ya kumtandia dada yake. Alitazama nyuma yangu, akatazama mlango wa basi mpaka abiria wa mwisho akashuka na dereva akaufunga. "Yuko wapi?" akaniuliza. "Si nilikwambia urudi naye?"

"Yuko kwa mumewe," nikamwambia.